Kabla Hujakata Springi

Toleo lililopita la jarida hili, mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili aliandika kwamba mwanafunzi anayemiliki gari wakati wenzake wanakula mlo mmoja kwa siku hana tofauti na mtu anayekula nyama mbele ya mgonjwa. Nilicheka, maana nilijiona mle ndani. Halafu nikarudia kusoma, nikaona makala nzima haina sentensi hata moja inayohusu gari lenyewe. Yeye alikuwa anaongelea watu. Mimi naomba kuongelea gari, kwa sababu naamini kosa letu sisi tunaokutana maegesho ya nyuma ya maktaba kila Jumamosi jioni halianzii kwenye kumiliki. Linaanzia hapa: hatuyajui haya magari, tunayaharibu kwa hela tuliyoitafuta kwa shida, na yakishaharibika tunapakia watu.

Nianze na letu. Ni Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, gia sita za mkono. Nasema "letu" kwa sababu tulichanga na kaka yangu, ambaye anafanya kazi kwa wakala mmoja wa forodha bandarini. Bei ilikuwa milioni 12 na laki 4. Sehemu yangu ilikuwa milioni 3, nayo ilitoka kwenye bumu la mwaka mzima nililolibana mpaka mama ntilie akazoea kuniwekea maharage bila kuuliza, pamoja na hela ya kutengeneza laptopu za watu usiku hosteli. Sehemu ya kaka ilikuwa ya mabati. Mama alikuwa na nyumba iliyofika lenta, na kaka alikuwa amemwahidi kuezeka kabla ya masika. Mama alijua tumenunua gari kabla hajajua kwamba mabati yamesogezwa mbele. Hakugomba. Aliuliza tu, "Linabeba watu wangapi?" Naliandika hili mapema ili msomaji ajue mimi si msafi.

Sasa mtu atasema, Altezza si zimejaa mjini? Ni kweli zimejaa. Lakini nyingi unazoziona ni otomatiki, na nyingine zina injini ya silinda sita, 1G-FE, yenye nguvu farasi 160. Hizo chasisi yake inaanza na GXE10. RS200 ni SXE10, na ndani yake kuna 3S-GE, injini ya lita mbili, silinda nne, ambayo haina tabo. Ile ya manyuo inatoa nguvu farasi 210 kwa vipimo vya Japani, na inazitoa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Rudia hiyo namba. Gari nyingi za nyumbani kwenu zikifika 6,000 zinaanza kulia. Valvu zake za kuingiza hewa ni za titani ili ziwe nyepesi, na kichwa cha injini Toyota walishirikiana na Yamaha. Mhandisi mkuu wa gari hili, Nobuaki Katayama, alitaka sedani ndogo inayosukumwa na matairi ya nyuma, kitu ambacho kijana wa kawaida angeweza kukinunua na kujifunzia kuendesha kwelikweli. Lilizinduliwa Oktoba 1998, likapata tuzo ya Gari la Mwaka la Japani msimu huohuo, na lilipofika 2005 likasimamishwa. Nje ya Japani waliliuza kama Lexus IS. Na zile taa za nyuma zenye kioo cheupe ambazo kila fundi wa urembo aliwahi kuzibandika kwenye gari la mtu, zimetoka hapa. Duniani kote watu walikuwa wanaziita "taa za Altezza" hata zikiwa kwenye gari jingine kabisa.

Zenye gia sita zinaadimika kila mwaka. Marekani wana sheria ya miaka 25: gari ambalo halikutengenezwa kwa soko lao haliruhusiwi kuingia mpaka lifikishe umri huo. Kwa hiyo tangu mwishoni mwa 2023 Mmarekani naye anagombania Altezza kwenye minada ya Japani, na yeye ana dola. Wenzetu wa Kenya hawawezi kuliagiza kabisa, maana kwao gari likipita miaka minane haliingii. Sisi tunaruhusiwa, ila kodi inakuadhibu kwa umri: juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, kuna ushuru wa bidhaa, halafu gari lililozidi miaka kumi linaongezewa mwingine. Kaka alipopiga hesabu ya kuagiza, kodi ilikuwa inakaribia bei ya gari lenyewe. Ndiyo maana tukatafuta ambalo lipo nchini tayari.

Kununua tulinunua vizuri, niseme ukweli, na hapa sifa ni za kaka. Dalali alikuja na porojo zake: limetunzwa na mzee, haliendeshwi usiku, na kadhalika. Kaka hakumjibu, akafungua boneti akatafuta kile kibao cha chuma. Kwenye kibao cha Toyota kuna mstari wa gia, na wetu ulianza na J160, ambalo ndilo sanduku la gia sita. Hii ni muhimu kwa sababu kuna watu wanachukua Altezza ya otomatiki, wanaibadilisha gia, wanaiuza kama RS200. Injini ya otomatiki haina zile valvu za titani na nguvu yake ni pungufu, ila kwa nje zinafanana. Kibao kwanza, halafu namba ya chasisi ilinganishwe na kadi, herufi kwa herufi. Kisha kaka akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya moto. Akafunga boneti akamwambia dalali, "Tutarudi kesho asubuhi, usiiwashe." Injini kuukuu ikiwa na moto inaficha mambo mengi, ikiwa baridi inasema yote ndani ya dakika mbili: moshi, mtetemo, mlio wa mnyororo au mkanda. Asubuhi yake iliwaka safi. Tukapima kompresheni ya silinda zote nne, zikakaribiana. Tukalipa.

Kitu kimoja hatukukiangalia. Nitakifikia.

Mwezi wa kwanza gari lilikuwa zuri na mimi nilikuwa naona aibu nalo. Ndiyo, aibu. Pale maegesho kulikuwa na Subaru ya jamaa wa uhandisi wa ujenzi ambayo ikizimwa moto inapasua kama fataki, na Mark II moja imeshushwa mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na bodi. Letu lilikuwa kimya na lilikaa juu, kama kiwanda kilivyolileta. Mwana mmoja akaniambia, "Hili ni la mwalimu wa sekondari." Watu wakacheka. Nina miaka 23, nasomea uhandisi mitambo mwaka wa nne, na kicheko hicho kilinitosha.

Nilianza na ekzosi. Fundi akakata kopo la katikati, akachomelea bomba nene, nikatoka pale narindima. Laki moja na nusu. Wiki iliyofuata nikaenda kushusha gari. Springi halisi za kushushia zilikuwa ghali, shokapu zake ndiyo usiseme, kwa hiyo fundi akatoa grainda, akakata kila springi mzunguko mmoja na nusu, akarudisha. Elfu themanini zote nne. Jumamosi ile hakuna aliyecheka. Nilipigwa picha.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hiki ndicho nilichokuja kusema. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Ukipunguza mizunguko, springi inakuwa ngumu zaidi kwa uwiano uleule. Kama ilikuwa na mizunguko sita ukaacha minne na nusu, ugumu umepanda kwa theluthi moja. Hii tulifundishwa darasani, nikafanyia mtihani, nikapata B+. Sasa shokapu imetengenezwa kuzuia mdundo wa springi ileile ya zamani. Ukiipa ngumu zaidi inashindwa, gari linaruka badala ya kutulia. Na kwa kuwa umelishusha, nafasi ya gurudumu kupanda juu imepungua, kwa hiyo kila shimo linagonga mpira wa mwisho, na kwa sekunde ile ni kama huna springi kabisa. Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayelisema: ncha ya springi kiwandani inatengenezwa ikae kwenye kitako chake. Iliyokatwa na grainda haina ncha hiyo. Gurudumu likining'inia, springi inalegea, inaweza kuhama mahali pake.

Nilijua yote haya. Sikuyaunganisha na gari langu, basi.

Aprili, masika. Tulikuwa tunakwenda Morogoro kwenye harusi ya binti wa mjomba. Mimi naendesha, mdogo wangu wa kike kakaa mbele, maana kaka alikuwa kazini. Mvua ilianza tulipopita Mlandizi. Baada ya mizani ya Vigwaza kuna mahali barabara inapinda kidogo tu, yaani kona ya kuimba nayo. Nilikuwa kwenye 80. Palikuwa na mtaro mdogo wa maji umekatiza lami, gurudumu la mbele likagonga, gari likaruka, nami nikafanya kile ambacho kila mtu anaambiwa asifanye kwenye gari la kusukumwa nyuma: nikaachia mafuta ghafla katikati ya kona. Mkia ukaja mbele. Tulizunguka mara moja, tukaingia mtaroni kwa ubavu wa kushoto. Upande wake.

Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua. Mkanda ulimwokoa na ndio uliouvunja. Jambo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho ni kwamba hakupiga kelele. Alishika bega akaniuliza, "Kaka, umeumia?"

Na kile tusichokiangalia siku ya kununua? Matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya nyuma yalikuwa na kashata nzuri, meusi, yanang'aa. Yaliandikwa 3511. Wiki ya 35 ya mwaka 2011. Mpira wa umri huo unakuwa mgumu kama soli ya kiatu, na kwenye maji haushiki kitu. Sisi wahandisi watarajiwa tulikuwa tumesoma kibao, chasisi na kompresheni, tukashindwa kusoma tarakimu nne.

Bili ya hospitali alilipa kaka. Mabati yakasogea tena.

Gari lilikaa miezi mitano uani kwa mzee mmoja fundi, Gerezani, ambaye kaka alimfahamu. Mzee alilizunguka, akachuchumaa, akaangalia springi, akaniuliza, "Nani kakata hizi?" Nikasema fundi. Akasema, "Fundi hakati bila kutumwa, mwanangu." Kisha akasema hatagusa injini, rangi wala kitu chochote mpaka gari lirudi kuwa kama lilivyotoka kiwandani chini. Nilikuwa na mpango wangu nimeuandika kwenye simu, kuna kompyuta ya kuongeza nguvu, kuna filta ya hewa ya wazi. Hakuusoma.

Kwa hiyo likizo nzima nilikuwa chini ya gari. Springi za asili tulizipata Kariakoo kutoka kwenye Altezza iliyochinjwa, shokapu mpya, bushi zote za mikono ya mbele na nyuma, ambazo zilikuwa zimepasuka kama visigino vya mkulima, bolijointi mbili, mafuta ya breki, ambayo yananyonya maji hewani kadiri miaka inavyokwenda na ukiyachemsha kwenye mteremko pedeli inazama, matairi manne mapya, na safari hii nilisoma tarehe dukani mbele ya muuzaji akakasirika. Mkanda wa timing tukabadilisha kwa sababu hakuna aliyejua ulibadilishwa lini. Mwishoni kabisa magurudumu yakapimwa na kunyooshwa kwenye mashine.

Injini ikafuata, na hapa nilijifunza jambo ambalo lilinifanya nione aibu mara ya pili. Gari lilikuwa linakula lita moja kwa kilomita sita. Nilidhani ndiyo tabia ya gari la michezo. Mzee akapitisha mkono karibu na bomba la mbele injini ikiwa baridi, akahisi pumzi. Kiungo alichochomelea fundi wa ekzosi kilikuwa kinavuja, kabla tu ya sensa ya oksijeni. Pale kwenye ufa hewa ya nje inaingia kati ya mapigo ya moshi, sensa inaona oksijeni nyingi, inaiambia kompyuta kwamba mafuta ni pungufu, kompyuta inaongeza. Mafuta ya ziada hayaungui ndani ya injini, yanaungulia kwenye bomba. Huo ndio mlipuko uliokuwa unanipatia sifa Jumamosi! Nilikuwa nachoma bumu langu hadharani na watu wanapiga makofi.

Tulirudisha kopo, tukaziba, tukasafisha koo la hewa na ile valvu ya mafuta inayoendesha VVT-i, ambayo ilikuwa na uchafu mweusi kama lami, tukaweka plagi zinazotakiwa. Hakuna kilichoongezwa. Siku ya kujaribu, ilipopita 6,000 ikavuta namna ambayo sikuwahi kuisikia tangu tulinunue, mpaka juu kabisa, bila kelele yoyote zaidi ya injini yenyewe. Sasa inakwenda kilomita tisa kwa lita nikiwa mstaarabu. Miezi yote ile nilikuwa natafuta nguvu dukani, kumbe nguvu farasi nyingine zilikuwa mlemle, zimezibwa na uchafu na ujinga wangu.

Nimewasimulia haya jamaa wa maegesho. Wapo walioelewa. Wapo walioniambia kwamba nimekuwa mzee, na yule wa Mark II akaniambia yeye amekata tangu mwaka juzi na hajapata kitu. Hilo ndilo jibu ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu mimi pia nilikuwa sijapata kitu, mpaka Vigwaza. Sisemi watu wasitengeneze magari yao. Kuna springi fupi zinazotengenezwa kiwandani pamoja na shokapu zake, zipo, zinafanya kazi, na bei yake ndiyo bei ya kushusha gari. Kama huna hiyo hela, gari lako bado halijafika zamu ya kushushwa. Na kama una laki mbili leo na unataka kutuni, nenda kasome tarehe ya matairi yako kwanza, halafu lala chini uangalie bushi. Najua haipigwi picha.

Na kwa mwenzetu wa mwaka wa pili: una haki kwenye jambo moja zaidi ya ulivyoandika. Walionyimwa kitu kwa ajili ya gari letu hawakuwa wanafunzi wenye njaa, walikuwa nyumbani kwetu. Ila usiniambie gari lenyewe ni upuuzi. Nimejifunza uhandisi uani kwa mzee yule kuliko nilivyojifunza kwenye maabara yetu, ambako injini ya maonyesho imekatwa nusu na kupakwa rangi nyekundu tangu kabla sijazaliwa.

Nyumba ya mama imeezekwa Novemba. Mimi nilipanda juu kupigilia misumari pamoja na mafundi, nikashuka mikono imechubuka, na mama akaniuliza kama lile gari sasa linatulia njiani. Bado hajalipanda. Mdogo wangu alilipanda mwezi uliopita, kwa kuomba mwenyewe. Alifunga mkanda upande ule wa bega, akaurekebisha, akauliza zile springi ziko wapi. Nilimwambia sijazitupa.

Ziko chini ya kitanda changu hosteli, zote nne, na alama ya grainda inaonekana. Anayetaka kuzishika kabla hajaenda kwa fundi aje jioni yoyote, isipokuwa wiki ya mitihani.